Pimamaji ya Baba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa katika nyumba ya wageni karibu na bandari. Feni inazunguka kwa kujivuta na kitanda kimeinama upande mmoja. Wewe ungekitia kipande cha mbao chini ya mguu hata kabla hujatua mzigo. Mimi ni mzima wa mwili. Kifua chako vipi? Unakunywa dawa, au bado unaimwaga kwenye kopo la maua ukidhani Dada haoni? Na goti limekubali kukunjika? Dada naye salamu zake ni hizihizi, maana najua ndiye anayekusomea kwa sauti. Dada, nakuomba: soma kila neno, usiruke, na usilainishe kitu. Nakujua.

Baba, ulinituma mambo mawili. Kwanza nikaone kama kaburi la Mama bado lipo, na nilipime kwa pimamaji yako ile ya mbao iliyoliwa pembe, kwa sababu ulisema watu husema uongo lakini kiputo cha hewa kilichomo ndani yake hakijui uongo. Pili, niangalie kama ubavuni kwake pamebaki nafasi, maana umeshatuambia kwamba siku yako ikifika hutaki kulazwa kwingine. Majibu yote mawili ninayo na nitayafikia. Nivumilie, sitaki kuyabeba peke yangu njia nzima.

Nilipofika nilikwenda ofisi ya hoteli kuomba ruhusa ya kuvuka kwenda kisiwani kwetu, walikotuhamisha ili waijenge. Karani akaniuliza mimi ni nani wa kule. Nikamwambia nimezaliwa kule. Akatabasamu kwa adabu, akasema kisiwa hakina wenyeji, kina wageni tu, na kama nataka kukiona nikate tiketi ya matembezi ya siku moja, chakula cha mchana kimo. Basi mwanao nikakata tiketi ya kwenda kwetu. Nikanunua na kofia pana na miwani ya jua, nikafanana na mtu aliyekuja kustarehe.

Kikundi chetu kilikuwa kidogo: mzee na mkewe walioshikana mikono muda wote, maharusi wapya waliopiga picha hata pipa la takataka, na mwalimu mstaafu aliyekuwa akiuliza maswali kabla ya kusikia maelezo. Kiongozi wetu alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, shati la hoteli, na miwani kama yangu. Alisema maneno yake kwa mpangilio, kama mtu anayehesabu mashuka.

Asubuhi alitutembeza mjini. Mji wenyewe unaujua, ukipiga chafya sokoni wanakupa pole bandarini. Tukaona ngome, tukaona nyumba ya gavana wa zamani yenye viti visivyoruhusiwa kukaliwa, tukaona mnara wa saa ambayo imekufa tangu mimi sijaota meno ya mbele. Chini ya mnara kiongozi akatuambia tuguse ukuta, tuguse mawe yaliyopangwa na mafundi wa kale miaka mia tatu iliyopita. Baba, ukuta ule uliujenga wewe, mwaka ule ulipobomoka kwa mvua, na mimi ndiye niliyekuwa nakuletea chai pale. Yule mzee akaweka kiganja juu ya jiwe lako kwa heshima kubwa. Kiongozi alipokuwa akisema hayo alitazama viatu vyake. Nilikuwa nimelipa, acha nile uongo wangu mpaka nishibe.

Kisha tukapanda boti. Kisiwa cha kwanza ni cha ndege, tukakatazwa kushuka kwa sababu ndege wanataga na hawapendi kusumbuliwa. Cha pili ni cha kobe. Kila kobe ana jina na namba, ana mlinzi, ana kibanda cha kivuli, na ana bomba la maji lililopitishwa chini ya bahari kutoka mjini. Bomba, Baba. Lile tuliloliomba mpaka mwenyekiti wetu akazeekea kwenye mabenchi ya ofisi za watu, tukaambiwa visiwa hivi ni vidogo mno. Kobe mmoja akanyanyua shingo akanitazama, nikamwambia kimoyomoyo: hongera mwenzetu, ulijua kuzaliwa.

Halafu tukafika kwetu. Sijui nianzie wapi. Kisima kimekuwa baa. Wameweka kaunta kuzunguka ukingo uleule ulioujenga, na ndoo imening'inizwa kama pambo. Shule ni mahali pa kukandwa migongo. Nyumba yetu haipo, pana nyasi laini zinazonyweshwa kutwa. Na makaburi je? Walituahidi mbele ya kijiji kizima kwamba makaburi hayataguswa. Sasa pana uwanja wa tenisi. Bibi yuko chini yake, na mkunga aliyetupokea sote, na yule jirani uliyegombana naye miaka kwa ajili ya mpaka wa kiwanja. Leo hana mpaka wala kiwanja. Nilisimama pale nikitazama watu wawili wakirushiana mpira na kucheka, nikawachukia bure, maana wao hawajui wamekanyaga nini.

Lakini la Mama lipo. Liko palepale chini ya mti wa mkungu, peke yake, limezungushiwa kamba nyeupe na kupandwa maua, na lina kibao. Mawe yako yote yamo. Hata lile la kichwani lipo, kizingiti cha jikoni ulichokibomoa nyumbani kwa mikono yako ukakisimika pale, kwa sababu Mama alipenda kukaa juu yake akichambua mchele.

Kiongozi akatukusanya, akashusha sauti. Akasema hapa amelala binti wa mfalme aliyempenda baharia maskini, na baba yake akakataa. Kila jioni binti huyo aliketi juu ya jiwe hili akiingoja merikebu, mpaka moyo ukampasuka. Baharia aliporudi akakuta mwenzake amezikwa, akajitosa majini, na ndiyo maana ubavuni pana kaburi la pili. Mpenzi yeyote akisimama katikati ya makaburi haya na kunong'ona ombi lake, hupata. Bi harusi akalia. Mke wa yule mzee akaweka ua. Mwalimu mstaafu, kwa mara ya kwanza, hakuwa na swali. Baba, ni kweli Mama alikaa juu ya jiwe lile akingoja. Alikungoja wewe utoke kibaruani mjini, na ulipochelewa hakupasuka moyo, alipasua masikio yetu.

Umesikia nilichosema: kaburi la pili. Palepale ulipojiachia nafasi yako, wamejenga.

Sikulia. Nilifanya ulichonituma. Nikavuka kamba, nikatoa pimamaji mkobani, nikailaza juu ya mawe ya Mama. Kiputo kikaenda, kikarudi, kikatulia katikati. Kazi yako haijazama hata unywele. Nikaihamishia kaburi la baharia. Kiputo kikakimbilia upande mmoja na kukwama hukohuko. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nyuma yangu pamekuwa kimya. Kiongozi alikuwa ameacha hadithi katikati ya sentensi. Alikuwa anaitazama pimamaji, ile pembe iliyoliwa. Akavua miwani.

Dada, hapa ndipo utakapotaka kuruka. Soma. Ni kitindamimba, Baba. Ni mwanao.

Nimekuficha tangu mwanzo wa barua kwa makusudi. Uliapa kwamba jina lake lisitajwe chini ya paa lako tangu siku ile alipovaa shati la hoteli, sisi tukiwa tunapakia masufuria kwenye boti. Ningeanza naye, ungemwambia Dada aichane. Jina sijalitaja, kiapo chako ni kizima. Na usidhani nilimtambua nikanyamaza. Tulimwacha hana hata ndevu za kunyoa, na baadaye tuliambiwa amekwenda ng'ambo. Yeye ndiye aliyenitambua tangu bandarini, chini ya kofia na unene wangu wote, akawa anaomba nisimtambue.

Tulizungumza nyuma ya chumba cha kufulia, wageni wakila. Nilianza kwa kumtukana, nikamaliza matusi yote niliyokuwa nimeyatunza, naye akayapokea bila kujitetea. Kisha akanieleza. Alibaki kwa sababu alimsikia msimamizi wa ujenzi akisema ile ahadi ya makaburi ilikuwa ya mdomo tu. Alijaribu kuwaambia wakubwa, nani amsikilize kibarua? Trekta lilipofika kwenye mkungu, meneja alikuwa amesimama pale akilalamika kwamba kisiwa ni kizuri lakini hakina hadithi. Ndugu yangu akafungua mdomo, injini inanguruma, akasema msiguse hapo, hapo kuna binti wa mfalme. Meneja akauliza alikufa kwa nini. Akasema mapenzi. Meneja akauliza mpenzi wake yuko wapi. Alikumbuka nafasi yako, Baba, akasema mpenzi wake ubavuni. Wiki hiyohiyo wakajenga kaburi la baharia, na yeye akapewa kazi ya kusimulia. Nilimuuliza kwa nini hakumwokoa na Bibi. Akasema hakuweza kuzua wafalme wa kutosha kijiji kizima.

Kila alfajiri, boti za wageni hazijaja, anafagia pale na kumwita Mama mara moja. Baada ya hapo kutwa nzima anamwita binti wa mfalme. Nikamuuliza kwa nini hakutuandikia. Akasema aliandika, na barua zikarudi hazijafunguliwa. Anayejua zilirudije ni wewe.

Sasa jibu lako la pili. Kaburi la baharia ni tupu, ndani ni mchanga tu. Hoteli hairuhusu maziko, lakini msimu wa mvua hufungwa, hubaki yeye na mlinzi mmoja ambaye naye bibi yake yuko chini ya tenisi. Anasema ukifika wakati wako atakuja kukuchukua kwa boti na atakulaza humo, ubavuni mwa Mama, kama ulivyotaka. Ila, naona aibu kuandika, itabidi ufe kwenye mvua. Alisema hivyohivyo, akacheka, kisha akageukia ukuta. Na jina lako halitakuwepo. Kibao kitabaki cha baharia. Wewe unayetapika boti ikiwa bado imefungwa gatini, utaitwa baharia, na kila siku watu wataambiwa ulijitosa kwa mapenzi.

Mimi sina busara ya kukupa. Uchungu wangu ni huu: wameichukua nyumba nzima, wametuachia chumba kimoja, tena tuingie kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nikiwaza hivyo nataka nikuambie ukatae. Halafu nakumbuka kuwa nafasi nyingine hakuna.

Bado jambo moja, na hili ni la kwangu. Nikirudi usiitafute pimamaji mkobani. Ndugu yangu alikiona kile kiputo kilivyokimbia. Amesema mvua zikianza atalibomoa kaburi la baharia alijenge upya, jiwe kwa jiwe, kama ulivyomfundisha, kwa sababu hata kama wewe utakataa kulala humo, haoni haki Mama alale karibu na kazi mbovu. Akaniomba pimamaji. Nikampa, bila ruhusa yako. Ukiitaka, mimi simwandikii. Mwandikie wewe, Baba, na barua ianze na jina lake.

Wasalimie jirani wa ukutani na wote wanaoniulizia. Dada, asante kwa kusoma, na kama umeruka mahali, rudia. Nakuja na boti ya kwanza itakayokuwa na nafasi. Kunywa dawa.

Ni mimi, binti yako wa kati, mtiifu kwa yote isipokuwa hilo.