Kampani Iliyosema Itamvika Nyanya Yangu

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie maana hata hesabu zinanishinda darasani. Mimi ni mwanafunzi wa watawa hapa Kasongo, na siku ya sikukuu ya kampani ya pamba nilichaguliwa kutafsiri hotuba ya Bwana Direkteri, naye akasema kampani haikuja kutafuta faida bali ilikuja kuwavika watu wa Maniema, nami nikalitafsiri neno hilo kwa sauti safi na nikaliamini, na nyanya yangu aliyetoka kijijini Wamaza na pamba yake akalisikia. Sasa kwetu, mwanaume anayekula vya shamba lako kisha akatamka mbele ya watu kwamba atakuvika, huyo ni mkwe, basi nyanya ametandika mkeka kwenye mlango wa magazini ya kampani, ghala lao la pamba, anangojea kitambaa cha mama mkwe, na magari hayapiti.

Karani Octave wa kampani alimwambia, “Mama, ondoka, hii ni njia ya magari.”

“Pita pembeni, mwanangu. Niko nangojea mukwe wangu.”

“Mukwe gani? Yale ilikuwa maneno ya sikukuu.”

“Basi mwite aseme vile yeye mwenyewe. Mutu anasema atanivalisha, ni mukwe ao ni muongo. Bwana wako ni yupi?”

Tena Bwana Direkteri akipita, nyanya anafunika uso kwa heshima, kama inavyompasa mama mkwe, na wanawake wa sokoni wanacheka mpaka vikapu vinaanguka. Sasa Bwana Direkteri anataka nimwambie nyanya mbele ya watu kwamba nilikosea kutafsiri, ndipo aniombee nafasi katika shule ya walimu, na mimi tangu utoto natamani kufundisha. Nifanye nini?

Léocadie, Kasongo

Binti yangu Léocadie, pole, lakini nitakukaripia kidogo. Neno lile lilikuwa tamu mdomoni mwako, ndiyo maana hukujiuliza kama mfanyabiashara anaweza kuishi bila faida. Faida si dhambi. Mfanyabiashara akisema wazi anaitaka, tunabishana naye bei na kila mtu anarudi kwake. Mkwe hatubishani naye, tunamngojea. Nyanya yako hakukosea hata kidogo, na wewe hukukosea kutafsiri. Mwalimu anayeanza kazi kwa kufuta jibu lililo sawa atafundisha nini?

Kesho kabla ya masomo nenda na Mama Mtawa kwa Bwana Direkteri, useme kwa adabu: “Bwana, sema mwenyewe, nami nitatafsiri.” Akikiri kwamba wanatafuta faida, litafsiri hilo kwa sauti ileile safi, nyanya atakunja mkeka na kuanza kudai bei nzuri. Akiona haya, alete kitambaa kwa mikono miwili, macho chini, na kisiwe cha kufutia meza.

Kuhusu shule, fanya mtihani kama wenzako. Ukishindwa, utaurudia mwakani. Lakini ukimdanganya nyanya yako mbele ya wanawake wa sokoni, hutapata mwaka wa kurudia.