Matofali Yetu Yamepanda Lori

Rujewa, Mbeya
9 Novemba 1976

Mpendwa mdogo wangu Seni,

Nakusalimu wewe na wifi. Hamjambo hapo Ipogolo? Mtoto amepona kikohozi? Sisi wazima wa mwili. Macho ya mama yanazidi kufifia, ila uji anakunywa vizuri.

Mvua za kwanza zimenyesha, na shemeji yako Budeba na wenzake wamerudi na ng'ombe kutoka malishoni Ihefu. Wamekuta kiwanja cha shule kitupu. Lori la wafadhili limesomba matofali yetu yote. Shule itajengwa kule barabarani, ng'ambo ya mto.

Matofali yale unayajua. Wanaume waliswaga ng'ombe ndani ya shimo mpaka udongo ukalainika, na sisi wanawake tukabeba maji kichwani hadi shingo zikakakamaa.

Nilidhani Wazungu ndio waliotugeuka, nikawasema vibaya sana. Kumbe mwalimu Filemoni alisimama karibu nanyi siku ile ulipokuja nao kama mkalimani wao, mwezi wa nane, na Kiingereza anakielewa; ndiye aliyenieleza. Wageni waliuliza mbona mabomani hakuna wanaume. Ukawajibu kwamba hawa ni watu wa kuhamahama, leo wapo kesho hawapo, na shule itabaki makao ya popo.

Wewe, Seni? Wewe uliyechunga Ihefu kila kiangazi? Unajua fika kwamba wanaume hurudi mvua zikianza, na sisi na watoto wadogo tupo hapa mwaka mzima. Nilikuwa nawakaangia kuku huku nakutazama ukiongea nao, nikajisikia fahari mpaka mafuta yakaniunguza. Kumbe ulikuwa unatuuza. Uliona haya kusema kwamba ni kwenu? Nimeumia, mdogo wangu, wala sitakuficha.

Kabula wangu amefikia umri wa kuanza shule. Mto ukijaa hawezi kuvuka. Baba yake anataka akipevuka tu aolewe, nami nilikuwa namzuia kwa kumwambia shule inakuja. Sasa sina la kumwambia.

Msalimie sana wifi na watoto. Wanangu Malimi na Shija wanawasalimu. Mungu awalinde na awape riziki.

Mama naye anakusalimu. Sijamwambia kitu. Kila jioni anamkalisha Kabula karibu naye na kumsihi, shule ikifunguliwa asome kwa bidii, awe kama mjomba wake Seni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata sasa,
Mbuke