Nesta, Uliyepinda Kushoto Juu ya Chitete

Mwaka umezunguka, Mama Tabu, tangu udongo wa Isongole ukupokee, na mume wako Masudi bado hajajua kukaa. Akiketi, anasimama. Akisimama, anatoka nje. Ndege ikisikika juu ya Tunduma, hata iwe mbali kiasi gani, anaiacha chai mezani na kwenda kutazama. Majirani wameshamzoea. Sisi nyumbani hatujamzoea.

Tunayasema haya ili uyasikie wewe, na waliokujua wayasikie, maana mwaka jana tulikuzika hatujui vizuri kilichokupata. Sasa tunajua.

Ulikuwa kitinda mimba wa mama yako Ikupa, na mama husema ulianza kukimbia kabla ya kutembea. Cherehani ulijifunzia kwa shangazi, ukaenda Tunduma kushonea wanawake wa pande zote mbili za mpaka. Walikuja kutoka Nakonde na vitenge vyao, wakikuita "Bamayo Nesta", yaani Mama Nesta kwa lugha yao, na hukumrudisha mtu kwa sababu kitambaa chake kimepungua. Uliunga hapa, ukakunja pale, akaondoka amependeza. Sare za watoto waliofiwa na baba zao ulizishona jioni, kimyakimya, na asubuhi mama zao walizikuta zimening'inia mlangoni.

Masudi Zahoro, dereva wa lori aliyetoka Handeni, alikuja kwako na suruali iliyochanika. Siku chache baadaye akarudi na nyingine, na mpaka leo anakiri kwamba ile ya pili aliichana mwenyewe. Mlifunga ndoa bomani. Wewe ukabaki na kanisa lako la Moravian, yeye na msikiti wake, na Tabu mkampa jina la bibi yake wa Handeni.

Ni Masudi aliyekupeleka Livingstone, huko Zambia, ukatazame maporomoko wakati yeye anasubiri mzigo. Maporomoko uliyatazama mara moja. Uliporudi barabarani ukakuta watu wanashuka kutoka angani kwenye kiwanja cha karibu, ukasimama penye uzio mpaka shingo ikauma.

"Masudi, wale ni watu?"

"Ni watalii wanacheza. Twende, Mama Tabu, lori linasubiri."

"Na vile vitambaa, vikichanika nani anavishona?"

Hukungoja jibu. Ulikwenda langoni ukaulizia kazi. Mwenye kiwanja akakupa mwavuli wa kurukia uliopasuka ujaribu kuushona, na jioni akakuta mshono wako haukujikunja hata mahali pamoja. Ukabaki. Ulianza kwa kushona, ukaingia kwenye kukunja miavuli, na baada ya mwaka, bila kumwambia mtu wa nyumbani, ukaruka.

Masudi alikasirika mno. Alikuuliza kama watoto wa watu hawafi kwa ajali za kutosha barabarani. Nawe ukamjibu, "Kwenye lori lako nakaa na kungoja yatakayotokea. Kule juu nashika kamba mwenyewe." Jibu hilo hakulipenda.

Hivyo ndivyo mlivyoishi. Miezi kadhaa Livingstone, miezi kadhaa Tunduma, na ukiwa Tunduma hukutulia. Ulikula umesimama. Uliwatazama watu wakichoma takataka ili uone moshi unaelekea wapi. Kanisani Isongole wenzako walifumba macho kwa sala, wewe ukisikiliza mabati, na mkitoka nje unasema, "Upepo umegeuka."

Ulipoanza kuvaa suti ya mabawa, ile yenye kitambaa kilichounganisha mikono na mbavu na mguu kwa mguu, ulimletea Tabu picha. Akaona mama yake amelala juu ya hewa kama popo mkubwa, anakwenda mbele badala ya kuanguka. Alikuuliza kama unaogopa. Ukamwambia kuruka si kazi, kazi ni kutua. Ukamwekea vitambaa viwili mezani, kikubwa na kidogo, ukamfundisha kama ulivyowafundisha wengine. Mwavuli mkubwa huchelewa, lakini husamehe. Mdogo una mbio, na kosa dogo hulilipiza papo hapo. Watu huuchagua kama viatu vya harusi, ulisema, ili waonekane. Chagua kwa uzito wako, kwa uzoefu wako, na kwa ardhi utakayoikanyaga, kwa sababu nchi ya juu na nchi yenye joto zote zina hewa nyepesi, na mwavuli hushuka kwa kasi usiyoitegemea. Na aliyevaa mabawa achague ulio mpole kuliko yote, maana ukifunguka vibaya mikono yake bado imefungwa ndani ya kitambaa.

Kisha ukampa ile kanuni yako kubwa: "Ukishakaribia chini, usipinde. Mwavuli ukipindishwa karibu na ardhi huinama na kukutupa. Mbele kukiwa na kichaka, ingia kichakani ukiwa umenyooka. Kichaka kitakuchubua. Kupinda kutakuua."

Masudi alikuwa chumbani. Alijifanya hasikii, lakini neno hilo lilimkaa.

Miaka yote hiyo ulitamani kuruka nyumbani, watu wako wakuone. Isongole ulipapima kwa macho ukakataa, milima inauvuruga upepo. Ukachagua tambarare ya Momba, karibu na Chitete. Ruhusa zikapatikana, ndege ndogo ikakodiwa kutoka Mbeya, na ukaja na mwanafunzi wako Priska, muuguzi aliyekulia jirani na Mbozi Mission, mwanamke wa kwanza wa huku uliyemfundisha wewe.

Ilikuwa mruke asubuhi, ulisema, kabla ardhi haijapata moto. Ndege ikachelewa. Mpaka inafika, jua lilikuwa kali na nyasi kavu zinapepesuka. Masudi alipewa kazi ya kusimamisha mti mrefu wenye kitenge chekundu, muuone upepo kutoka juu. Alikuwa karibu nanyi mlipokuwa mnavaa, akakusikia.

"Priska, huo mwavuli uliokuja nao ni mdogo kwa joto hili. Vaa begi langu, lenye mwavuli mkubwa."

"Na wewe dada?"

"Mimi ni mwepesi, na huo wako nimeshaurukia. Miavuli yote miwili nimeikunja mwenyewe. Vaa tusichelewe."

Masudi alitaka kusema neno. Akaogopa kukutia wasiwasi, akaenda kuusimamisha mti wake.

Tulikuona, Nesta. Chitete nzima ilikuona. Kitone cheusi kilitoka kwenye ndege, kikapanua mabawa, kikapita juu yetu kutoka upande mmoja wa anga mpaka mwingine, na wanawake wakapiga vigelegele. Mama yako alikuwa ameshika kifua. Mwavuli ulifunguka vizuri, tukakuona umeachia mikono na kushika kamba. Priska alikuwa bado juu sana. Ulikuja dhidi ya upepo, umenyooka, kama ulivyofundisha. Kulikuwa na kituta chenye miiba kati yetu na mahali ulipokuwa unatua. Ulipokikaribia, ghafla mwavuli ukapinda kushoto, ukainama, ukapotea nyuma ya kituta. Vumbi likainuka.

Masudi alikimbia akiwa bado na ule mti mkononi. Alikupakia kwenye pikapu, kichwa chako mapajani mwake, na barabara ile unaijua. Hukufika hospitali. Hukusema neno.

Tangu siku hiyo alikuwa na mawazo ya aina moja. Nesta hapindi chini. Basi Nesta hakupinda, mwavuli ndio uliompindisha, mwavuli mdogo, mwavuli wa Priska. Priska alipokuja msibani, hakumpa mkono. Alipopiga simu, alikata. Tulisikia Priska ameacha kuruka na anakonda, na Masudi aliposikia alisema, "Aliye hai anakonda. Aliyekufa je?" Mama Ikupa alimwambia, "Mkwe wangu, hayo maneno hata Nesta yangemuudhi." Akatoka nje.

Lori alimwachia mwenzake. Akawa anakwenda Chitete kila apatapo usafiri, anatembea uwanjani, anakaa juu ya kile kituta, anarudi. Tabu akifunga shule alimfuata, baba na binti wakipima kwa miguu mahali ambapo hapakuwa na cha kupima. Watu wa Chitete wakaanza kumwonea huruma, kisha wakaanza kumkwepa.

Aliyemsimamisha ni mama mmoja muuza maziwa, Germana, wa jamii ya wafugaji waliohamia bondeni Momba kutoka Usukumani. Alimtazama kwanza, akatazama kushoto na kulia.

"Baba, wewe ndiye mume wa yule dada wa angani?"

"Ndiye mimi."

"Mume wangu Maduhu ana neno na wewe. Hali vizuri, halali vizuri. Lakini uje peke yako, na uje kwa amani."

Masudi alimkuta Maduhu zizini, mtu mrefu mwenye mvi za mapema, anashika fimbo kwa mikono yote miwili kama mtu anayeogopa kuanguka. Salamu zilikuwa fupi.

"Siku ile nilikuwa nyuma ya kituta," Maduhu alianza. "Nilikuwa nakatiza na ng'ombe kwenda majini. Sikujua habari ya ndege wala ya watu kuruka. Kivuli kikanipita. Naangalia juu, miguu yake hii hapa, inakuja usoni kwangu. Akapiga kelele, 'Lala!' Nikalala. Ng'ombe wakatawanyika. Nilipoinua kichwa nikaona amevuta upande mmoja, amepinda. Nusura anikanyage kifua, kaka. Akapinda."

Masudi hakuelewa mara moja. Akamwomba arudie. Maduhu akarudia, na safari hii akalia.

Masudi anatuambia kwamba damu ilimpanda mpaka akaona giza. Alimshika yule mtu shati.

"Umekaa na neno hili muda wote huu? Nimetembea hapa kama kichaa, unaniona, umekaa nalo?"

"Ningesema siku ile, wangesema Msukuma ameua mtu kwa ng'ombe wake. Tungefukuzwa wote, mimi na ndugu zangu. Hapa mimi ni mgeni."

"Na mimi ni mgeni!" Masudi alipiga kelele. "Mimi ni mtu wa Handeni! Huyo alikuwa ndiye mwenyeji wangu!"

Germana alikuja na kigoda, akakiweka kati yao. Masudi akaachia shati, akakaa. Maduhu akachuchumaa mbele yake. Ng'ombe walikuwa wakipumua nyuma yao. Masudi akauliza, "Alipokuambia ulale, sauti yake ilikuwaje?"

Maduhu alifikiri. "Ya mama anayemkemea mtoto asiguse moto."

Hapo ndipo mume wako alipokulilia, Nesta. Msibani hakuwa amelia.

Alipanda kilimani panaposhika mtandao, akampigia Priska. Priska alipokea kama mtu anayengoja kutukanwa.

"Shemeji, ni mimi Masudi. Sikiliza. Si mwavuli wako. Mwavuli ulikuwa umenyooka, Nesta alikuwa anatua vizuri. Mbele yake kulikuwa na mtu, akamkwepa. Alijua anachokifanya."

Priska akasema, "Angekuwa na mwavuli wake, shemeji, ule mkubwa, labda ungemsamehe."

Masudi hakumdanganya. "Labda," alisema. "Lakini angekuona wewe unavunjika mbele ya macho yake, na hilo asingejisamehe. Nimekukosea, mdogo wangu. Njoo umwone mama."

Priska alikuja Isongole. Alipiga magoti mlangoni akashindwa kuinuka. Mama Ikupa, ambaye miguu siku hizi inamsumbua, alishuka chini akakaa naye palepale kizingitini, akamwekea sahani ya kande mapajani. "Kula," alimwambia. "Ukimaliza utanieleza mwanangu alikuwaje huko juu. Hawa wote wananiambia alivyoanguka tu." Priska akala, akaeleza mpaka jua likaingia, na mama akauliza tena na tena jinsi ulivyokuwa unacheka ukitoka mlango wa ndege.

Hatujui kama Priska atarudi kuruka. Anasema hajui. Tabu anasema anataka kujifunza; baba yake anatoka nje kila neno hilo linapotajwa, ila hajasema hapana. Maduhu ameleta ndama mmoja Isongole. Mama hakujua amkatae vipi mtu aliyetembea na ndama safari yote ile, akampokea, na Maduhu akalala kwetu kama ndugu. Masudi amerudi kwenye lori. Akiwa njiani karibu na Vwawa na ndege ikapita, bado anaegesha kando, anashuka, anatazama.

Mama Tabu, hukutuaga. Wengine tumekukasirikia kwa hilo, na hasira hiyo haijaisha yote. Lakini kuna mtu bondeni Momba anayewaamsha watoto wake kila asubuhi, na tunajua ni nani aliyemwachia asubuhi hizo.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika Jumamosi hii kanisani Isongole, na dua itasomwa Tunduma baada ya sala ya Ijumaa. Wote mnakaribishwa, pamoja na ndugu zetu wapya wa Chitete.

Wanaokukumbuka: mumeo Masudi Zahoro, binti yako Tabu, mama yako mzazi Ikupa, kaka na dada zako wote wa ukoo wa Kibona, mawifi na mashemeji wa Handeni, mwanafunzi wako Priska, Maduhu na Germana na watoto wao, wateja wako wa Tunduma na Nakonde, na wenzako wa uwanjani Livingstone.

Pumzika, Nesta, wewe uliyekuwa hukai. Sisi hatujatulia, na hata siku tutakapotulia, hatutakusahau.