Maziwa ya Ntagwabira

Jumanne, 29 Oktoba 1974

Norbert amekuja tena. Katibu wa chama hapa kwetu. Siku hizi haitwi Norbert, majina ya ubatizo yamekatazwa — lakini mimi ndiye niliyemfundisha a-e-i-o-u, kwa hiyo katika daftari hili atabaki Norbert. Amekalia kiti changu kizuri. Tarehe kumi na saba Novemba ni sikukuu ya jeshi, mkubwa mmoja atatoka Bukavu na medali, sherehe itakuwa Baraka. Medali ya nani? Yangu! Albert Mutambo, mwalimu mstaafu, mkulima wa mihogo wa Lweba, shujaa wa vita vya Abisinia.

Nikamwambia mgongo unaniuma. Akasema medali haibebwi mgongoni.

Jumamosi, 2 Novemba

Salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Kijiji kizima barabarani na majembe, lakini mimi nimenyang'anywa langu. Eti shujaa hafyeki majani. Nimekaa juu ya jiwe kama bibi harusi, watu wananipita na jasho lao. Aibu tupu.

Ng'ambo ya barabara bamama wa animation, waimbaji wa chama, wanajifunza wimbo wa sherehe. Katika wimbo huo nimewamaliza Wataliano arobaini kwa bayoneti. Arobaini! Nilichoua kwa hakika vita vizima ni nyumbu mmoja wa kubeba mizigo, naye alikuwa wetu, amevunjika mguu. Nililia. Ntagwabira alilia kuliko mimi.

Basi, nimeliandika jina lake. Sikutaka.

Jumatano, 6 Novemba

Tangu Jumamosi jembe halishikiki. Namuwaza Ntagwabira tu.

Alishuka kutoka kwao mlimani, Bibokoboko, mwaka 1940, na siagi yake ya kuuza. Siku hiyo chef, mkubwa wa kijiji, alitakiwa atoe vijana kumi kwa jeshi la Wabelgiji, na mkononi alikuwa na tisa. Wa kumi ndiye huyo, anatokea njiani na chungu cha siagi kichwani! Tangu aoe ilikuwa imepita mvua moja tu, mwaka mmoja. Mimi nilikuwa wa tisa. Siagi tuliila wote kumi, njiani kwenda kambini.

Kwenye meli ya Nili walitugawia samaki wakavu. Watu wa mlima samaki hawali, hata harufu hawaitaki. Kila jioni ananisukumia fungu lake: "Kula, muntu ya maji." Yeye anatafuna biskuti ngumu. Safari nzima nilikula samaki wa watu wawili. Nilitoka melini nimenenepa, na yeye suruali inamwanguka, anacheka.

Akitembea aliimba majina ya ng'ombe wa kwao, mmoja mmoja, kama sajini anayeita majina ya askari. Mimi Mubembe, mtu wa ziwa, kwetu ng'ombe hakuna, nikayajua yote. Mpaka leo nikipalilia mihogo nayasema. Mke wangu Godelieve anadhani ni sala.

Natamani barabara ile. Ni ujinga — tulikuwa na njaa, na chawa, na hatukujua tunakwenda kupigana na nani. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na mgongo wa yule mtu mrefu ulikuwa mbele yangu kila asubuhi. Namtamani sana.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa Norbert kanikamata mkono. Anang'aa. Ameandika barua Bibokoboko, amempata mjane wa Ntagwabira! Mukankuranga. Mama huyo anashuka kwa sherehe pamoja na Semutobo, mdogo wa marehemu. Na wanakuja na ng'ombe. Atapewa Mutambo, yaani mimi, mbele ya watu wote, kwa sababu alimshika ndugu yao mkono mpaka mwisho.

Norbert anasema tangu vurugu za mwaka sitini na nne watu wa mlima na watu wa ziwa hawaaminiani, na jambo hili litapendeza hata Kinshasa. Alipeana mikono na kila mtu mlangoni pa kanisa.

Yeye hajui ng'ombe ni kitu gani kwa wale. Mimi najua, Ntagwabira alinieleza. Ng'ombe wa namna hii hatolewi bure, ana neno lake. Anayempokea anasimama, anashika kamba, anataja kwa mdomo wake kwa nini amepewa. Neno hilo linabaki kwa ng'ombe. Kila ndama anayezaliwa anazaliwa nalo, na wajukuu wanaambiwa. Kumkataa ng'ombe ni kuwatemea mate. Kumpokea kwa uongo — hilo hakunieleza. Labda hakuwaza kwamba mtu anaweza.

Chakula kimenishinda leo.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemwambia Godelieve. Miaka ishirini na saba ya ndoa na hakuwahi kusikia. Naandika hapa pia, ili nisirudi nyuma.

Juni 1941, mto Bortai, chini ya mji wa Saio, Abisinia. Mvua, malori yamekwama, chakula hakifiki. Ntagwabira amevimba miguu kwa beriberi, amelala hema ya wagonjwa. Anaomba kitu kimoja tu, maziwa. Siku tatu anaomba. Nikamlilia infirmier, muuguzi wetu, mwishowe akanipa kopo moja, dogo, la Wazungu. La mwisho. Akasema mpelekee ndugu yako.

Toka ghala mpaka hema ni kama hatua mia tatu. Nilisema nionje. Nilisema robo. Nilisema nusu, nusu inamtosha mgonjwa. Nilikuwa na njaa, ndiyo, lakini kila mtu alikuwa na njaa. Kopo nililimaliza nyuma ya mti, nikalifuta ndani kwa kidole. Nikaingia hemani nikamwambia maziwa hakuna. Akasema: "Hapana neno. Utaleta kesho."

Asubuhi alikuwa amekufa. Mkono wake sikuushika, nilikuwa nimelala.

Mwaka 1945 nikapanda Bibokoboko kwa ndugu zake. Nikawaambia risasi, kifuani, hakuteseka. Walinichinjia dume. Nikala.

Godelieve aliacha kumenya mihogo. Kisha akauliza: "Sasa unataka kumuambia yule mama juu ya kusaidia nani? Yeye ao wewe?" Anasema yule mama ameishi vizuri na risasi yake miaka yote hii, nimwachie. Nikinyamaza nitalala vibaya mimi peke yangu. Nikisema tutalala vibaya watu wengi.

Ana haki, na hata hivyo siwezi kushika ile kamba.

Jumamosi, 16 Novemba

Wamefika saa tisa mchana. Siku mbili kwa miguu. Semutobo amechoka kabisa, tumempa maji moto ya kutia miguu. Ng'ombe ni wa kahawia, tulivu, na ndama wake nyuma. Watoto wa Lweba wamejaa uani kumtazama.

Mukankuranga amezeeka kama mimi. Mwembamba, wima, meno yote. Ananiita shemeki. Godelieve kwa mazoea kataja mugebuka, samaki wetu wa ziwa, mama akacheka, akaziba pua kwa kitenge — cheko lilelile la mume wake melini, sijui alilichukua wapi kwa mvua moja. Tukawapikia maharagwe.

Jioni kabla jua halijazama akasema kila mwaka anawaelezea batoto wa Semutobo: baba yenu mukubwa alianguka na risasi moja, hakuumia, rafiki yake alikuwa pembeni. "Ile njo inanisaidia kulala, shemeki. Kama hakuumia." Akanitazama.

Nikasema ndiyo. Nimesema tena, baada ya yote niliyoandika juzi! Najichukia leo.

Norbert ameleta koti, abacost ya kijivu ya shemeji yake. Linanibana kwapani. Gari litakuja kesho saa mbili asubuhi.

Jumapili, 17 Novemba. Asubuhi

Nimesema.

Alikuwa uani peke yake, ametangulia kuamka. Nilimwambia yote nimesimama, koti mwilini, kopo, hatua, kidole. Sikuongeza sababu yoyote. Semutobo alikuwa bado amelala, Godelieve yuko jikoni.

Hakulia. Aliuliza kitu kimoja: "Alilomba namna gani?" Sikuelewa. Akarudia: aliomba kwa maneno gani. Nikamwambia hakusema maziwa tu, alisema maziwa ya Bihogo. Siku zote tatu, Bihogo. Alikaa chini palepale kwenye majani yenye umande. Akasema Bihogo alikuwa ng'ombe aliyekuja na mahari yake, yeye mwenyewe alikuwa akimkamua, na asubuhi ile ya siagi alimpa mume wake maziwa yake anywe kabla ya kushuka.

Kisha akanawa mikono. Akaenda kwa ng'ombe, akamwachia ndama anyonye kidogo, akamvuta pembeni. Mimi nikaingia ndani. Naandika kwenye meza, kidirisha kiko wazi. Nasikia anakamua kwenye chombo cha mti alichokuja nacho. Hana haraka. Semutobo ameamka, anamuuliza kitu kwa Kinyarwanda, yeye anazidi kukamua.

Gari la Norbert liko barabarani. Honi moja. Honi ya pili. Bamama wako nyuma wanaimba wale Wataliano arobaini.

Kukamua kumekoma.

Godelieve ameingia. Mama anakuita, anasema. Semutobo amekalishwa kwenye mkeka, kamba iko chini mbele yake, na chombo kimefunikwa. Mama amesema uje useme tena, pole pole, Semutobo naye asikie. Na hilo koti uliache ndani.

Nikamuuliza, maziwa ni ya nani? Amempa nani? Godelieve hajui. Anasema Mukankuranga amekishika chombo kwenye mapaja, kwa mikono miwili, hajampa mtu.

Honi tena. Norbert anapiga kelele kwamba mkubwa amekwisha kufika Baraka.

Kifungo cha juu kimekataa. Godelieve ananisaidia kulivua koti.