Waya wa Shaba Ndani ya Ampli ya Kwaya

Yaya Kabwe, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti chako, hapa Naviundu kwenye karakana yako ya kutengeneza vyombo vya umeme, na mgongo unaniuma. Kiti hiki kimelifuata umbo lako miaka yote, na wewe ulikuwa mfupi. Nalisema kwa makusudi, maana sasa huwezi kunijibu.

Walichonifanyia baada ya matanga sidhani kama umekijua. Wazee walinikalisha hapa, wakanivika koti lako, na shangazi akasema mbele ya watu: "Mumba, yaya yako hakufa. Leo weye njo Kabwe." Hiyo ndiyo mila yetu ya kupyana, ndugu kushika jina na nafasi ya aliyekufa, na nilipoiona kwa wengine niliisifu. Kwangu hakuna aliyeuliza kama naweza. Lori nililokuwa nikiendesha kwenda Kasumbalesa limepewa dereva mwingine. Watoto wako wananiita papa, yaani baba. Mkeo ananiwekea bukari, ugali wetu, kwenye sahani yako. Juzi kule Makomeno rafiki wa zamani aliniita, "Mumba! Mumba!", nikapita bila kugeuka, kama si mimi. Nilipogundua niliogopa sana, yaya. Nilirudi nikajifungia humu ndani nikalia.

Sasa kuna ampli ya kwaya, kile kikuza sauti chao. Kila wakiiwasha, fyuzi ya nyuma inaungua papo hapo. Wamebadilisha fyuzi mpaka wamechoka, kisha mama rais wa kwaya akaileta kwangu, anacheka: "Papa Kabwe, dimanche tuko na fête. Weye haushindwaka." Nilitaka kumwambia mimi ni mtu wa usukani. Koti lako lilikuwa mabegani mwangu, nikaitika.

Nilifanya kama nilivyokuwa nikikuona ukifanya nikipita kukusalimu. Nilichukua balbu yako ya zamani, nikaiunga kati ya umeme na ampli. Balbu ikawaka kwa nguvu zote. Nikakusikia moyoni: "Ikiwaka sana, courant ya umeme iko na njia ya kutoroka. Usitie fusible ingine. Tafuta ile njia." Nikafungua waya zinazotoka kwenye transfo, yaani transfoma, balbu ikafifia, kwa hiyo transfo ni nzima. Nikazirudisha, nikaendelea hatua kwa hatua, mpaka nikafika kwenye transista kubwa za mwisho, zile zinazosukuma sauti kwenye bafle, yaani spika. Nilipotoa moja, balbu ilififia tena. Yaya, nilipiga kelele ya furaha peke yangu, mpaka mkeo akaja kuchungulia.

Halafu nikatazama fyuzi ndogo iliyo ndani, ile ambayo ilipaswa kufa mapema ili hiyo transista ipone. Ilikuwa imezungushiwa waya wa shaba.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwatukana watu kwa jambo hilo? Katika mji huu nani anakosa kipande cha waya wa shaba? Fyuzi ikiungua wanazungushia waya, muziki unaendelea, siku moja ampli inateketea. "Fusible inakufaka juu ya kuchunga ampli," ulikuwa ukifoka, "waya haichungake kitu!" Nikajiandaa kumlaani fundi aliyefanya upuuzi ule. Lakini ncha ya waya ilikuwa imekunjwa kurudi ndani, isimchome mtu kidole. Hakuna mwingine Lubumbashi nzima anayekunja ncha hivyo. Ni mkono wako.

Nilikasirika. Nilikuita mwongo, kwa sauti, na koti lako nikalitupa chini. Baadaye ndipo nikakumbuka mvua za mwaka jana, kila nikipita ulinipa fyuzi: "Soma, imeandikwa ngapi?" Nilidhani unanitania, unanipima kama mtoto wa shule. Macho yako yalikuwa yanakwisha, sivyo? Hukuweza kusoma zile namba. Na bila shaka mama rais alikuwa amesimama hapo mlangoni anacheka kwamba wewe hushindwi. Kumbe tulibanwa kwenye kiti kimoja cha mtu asiyeshindwa, wewe ukanitangulia. Kwa nini hukuniambia, yaya? Ningekusomea kila siku.

Ule waya nimeutoa, na sitamwambia mtu. Transista mpya nimeshaitia, fyuzi zote ni za kweli. Sijui kama itamaliza sikukuu yao ya Jumapili bila kuungua, na mlango wa kutokea katika nafasi yako bado siuoni.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Nakuahidi jambo moja. Ampli hii ikirudi imeungua, nitasimama mbele ya mama rais na kwaya yake yote nimwambie: "Siyue, mama. Kwa hii, siyue." Neno hilo, sijui, nitalisema kwa jina lako, kwa kuwa ndilo wanaloniitia, ili hatimaye Kabwe naye awe amelisema.

Mdogo wako,
Mumba