Jina la Kocha Vinko

Dar es Salaam, 4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko Ihembe? Mke wangu Deodatha na tumbo lake wanaendeleaje? Mimi mzima, bado natunza vifaa vya timu. Mama, huyu kocha wetu Vinko, yule Mkroatia, amewatia watu wazimu! Alikuwa beki wa taifa lao, akastaafu kwa goti bovu la kushoto, na sasa uwanja mzima unaimba jina lake. Mke wangu akijifungua wa kiume, mpe jina hilo. Nimeshamwambia kocha. Hana mtoto, alicheka mpaka machozi.

Mwanao,
Benjamin

Ihembe, 2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na mkeo amejifungua salama, dume lenye sauti! Lakini umesahau ulivyolelewa? Katika ukoo wetu mtoto hupewa jina la aliyekwisha kufa. La aliye hai bado ni lake, anaishi humo. Nilikataa. Mkeo akalia, majirani wakanicheka, eti hata bodaboda wa Nkwenda wamebandika picha ya Mzungu huyo kwenye pikipiki. Nikaona naonekana bibi mkorofi. Siku ya kumtoa mtoto nje apewe jina, nikamwita Vinko. Akanyamaza palepale, na hajalia tena.

Mama yako

Dar es Salaam, 21 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mjukuu wako hajambo? Huku kuna jambo. Kocha ukimwita haitiki, mpaka umguse bega. Jana tumeshinda mabao matatu na watu wakaondoka kimya. Nikamuuliza shabiki mmoja mbona hamwimbi kocha, akaniuliza, "Kocha gani?" Leo nimemkuta chumba cha kubadilishia nguo, amejikunja sakafuni, ananyonya kidole.

Naogopa, mama. Mwondolee mtoto jina hilo.

Mwanao

Ihembe, 5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Si nilikwambia! Mtoto wa miezi miwili ananitazama kama mzee aliyechoka. Redio ikitangaza mpira anakunja uso. Nikimbeba, goti lake la kushoto linalia kwa ndani. Leo asubuhi nimemtoa nje tena, nikamvua jina hilo, nikampa la marehemu babu yako, Cleophace. Alilia, jamani, alilia! Kisha akalala. Mpaka sasa jioni amelala tu. Kocha amepona?

Mama yako

Dar es Salaam, 12 Mei

Mama,

Shikamoo. Kocha amepona, uwanja unaimba tena. Lakini jana mazoezini nilipomwita aligeuka haraka, akaning'ang'ania mkono. Akasema Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, mama! Yeye ambaye hata maji hajui kuyaomba kwa Kiswahili. Alisema ana njaa. Alisema anamtaka mama yake, Deodatha. Akaniuliza kwa nini bibi alimtoa nje, akamwacha.

Mama, huyo mliye naye ndani ameamka? Nijibu upesi.

Mwanao,
Benjamin