Gari Lisiloinua Wazee

Jumatatu, 5 Juni

Sekunde mbili nukta moja, kutoka kusimama hadi kilomita mia kwa saa. Nimepima mara tisa. Hakuna gari la Montorsi lililowahi kufika huko, na hili ni la umeme, na nimelibuni mimi, Nives, niliyeambiwa shuleni nikasomee upishi. Nimejinunulia aiskrimu mbili.

Mzee Montorsi, mwenye kiwanda, kasoma karatasi yangu mpaka mwisho, kavua miwani. Kasema vizuri sana, Injinia, sasa lipitishe mbele ya baa.

Nilijua tu. Gari halibandikwi nembo ya ukoo wake kabla halijapita mbele ya baa ya Ombretta, wazee wakiwa kwenye karata. Wakiinuka vitini kulitazama, nembo inabandikwa. Wasipoinuka, linarudi kiwandani. Desturi ya marehemu baba yake. Na mmoja wa wazee hao ni baba yangu, aliyeunda injini za kiwanda hiki miaka thelathini na minane. Gari langu analiita friji.

Jumatano, 7 Juni

Nimepita saa kumi jioni. Polepole, kisha kwa kasi. Hakuna aliyegeuza hata shingo. Niliposhuka, Mzee Learco, mwenzake Baba wa karata, akaniuliza, "Gari lako linakuja saa ngapi, binti? Tumesubiri mpaka kahawa imepoa."

"Limeshapita, mzee. Mara mbili."

Baba akatupa karata mezani. "Friji langu la nyumbani angalau linaunguruma."

Wamecheka mpaka divai ikamwagika. Nikacheka nao, kwa nje. Nimeumia. Hao wengine wakae tu, sina shida nao — namtaka huyo mmoja ainuke.

Alhamisi, 8 Juni

Nimefanya ujinga. Nimefunga spika chini ya gari, nikaweka sauti ya injini yetu ya zamani, ile ya silinda kumi na mbili. Vikombe vilitikisika vizuri sana.

Baba kasikiliza, jicho moja kalifumba. "Hiyo ni ya mwaka themanini na saba. Vali ya nne inagonga, niliifunga mwenyewe nikiwa na mafua. Zima hiyo redio, Nives, unatuaibisha."

Ijumaa, 9 Juni

Mzee Montorsi kanipa mpaka kesho. Wasipoinuka, gari langu linafunikwa turubai na kiwanda kinarudi kwenye petroli. Tumekula tambi za tortelini, mimi na Baba. Kaniongezea jibini bila kuniuliza.

Jumamosi, 10 Juni

Naandika nikiwa garini, daftari juu ya usukani.

Baba huenda baa kwa baiskeli. Leo baiskeli ilikuwa na pancha. (Mimi.) Ikabidi nimpeleke. Aliingia akinung'unika, magoti yakigusa kidevu, na mimi nikapitia njia ya majaribio nyuma ya kiwanda.

Nilikanyaga. Kofia yake ikaruka nyuma. Akamwita Bikira Maria, halafu akamwita Mama, ambaye tulimzika miaka minne iliyopita. Nikashikwa na kicheko, sijui kwa nini — labda woga. Tuliposimama alikuwa amefumba macho, nikadhani nimemuua.

"Kanyaga tena," akasema.

Tukarudia mara tatu, na kila mara nilicheka. Mwisho akasema, bila kunitazama, "Magari yote niliyopanda, sikuwahi kumsikia aliyekaa pembeni yangu. Unacheka kama mama yako. Ulikuwa unajua?"

Sikujua. Machozi yamenitoka, nikasingizia kiyoyozi.

Sasa tuko mbele ya baa. Mzee Montorsi yuko mlangoni, nembo mkononi. Learco anagonga meza, karata zimeshagawiwa. Desturi ni desturi: Baba ashuke, akae kwenye kiti chake, mimi nipite, yeye ainuke. Nimemweleza mara tatu. Nimembembeleza.

Amefunga mkanda upya.

"Mwambie Montorsi," anasema, "mimi hapa siinuki."